Jinsi ya kupima ukubwa wa matone ya mvua na wingu kwa rada, ukiwa Dar es Salaam

Kwenye picha ya rada ya mvua, rangi ya kijani, njano na nyekundu ni nguvu ya mwangwi, inayoandikwa kwa dBZ (mizani ya desibeli: kila ikiongezeka 10, mwangwi ni mara 10). Rangi hizo hazisemi matone ni makubwa kiasi gani, na kwa anayetaka kujua maji kiasi gani yanashuka bonde la Msimbazi, hilo ni pengo kubwa. Chukua mwangwi wa dBZ 40. Unaweza kutoka kwenye mita moja ya ujazo yenye matone 10,000 ya kipenyo cha mm 1, au kwenye mita ya ujazo yenye matone 14 tu ya mm 3. Rangi kwenye picha ni ileile. Mvua ya kwanza inamwaga karibu mm 75 kwa saa, na barabara ya Jangwani, bondeni humo, haitapitika. Ya pili ni karibu mm 5.5 kwa saa. Watu wanajibanza kibandani dakika chache, kisha wanaendelea na safari.

Chanzo cha utata huu ni kipeo cha sita. Mwangwi unaorudi kwenye rada ni jumla ya vipenyo vya matone yote yaliyomo kwenye mita ya ujazo, kila kipenyo kikiwa kimezidishwa chenyewe mara sita. Tone lenye kipenyo mara 10 ya jingine linarudisha mwangwi mara milioni moja. Ndani ya wingu lenye matone milioni 100 ya mikromita 20 katika kila mita ya ujazo, yakijichanganya matone 100 tu ya manyunyu ya mm 0.2, basi nusu ya mwangwi wote ni wa hayo 100, ingawa maji yao ni sehemu moja ya elfu ya maji ya wingu.

Kwa hiyo mwangwi peke yake haumalizi kesi. Unahitaji shahidi wa pili: kasi ya kuanguka kwa tone, au jumla ya maji yaliyomo kwenye wingu, au umbo la tone. Mwongozo huu unatumia zaidi shahidi wa kwanza, kwa sababu ndiye anayepatikana kwa kifaa kidogo kinachokaa juu ya paa la kawaida.

Chagua mawimbi kulingana na tone unalolitafuta

Matone ya wingu lenyewe yana kipenyo cha mikromita 10 hadi 20 hivi. Manyunyu ni mm 0.2 hadi 0.5. Mvua inaanzia mm 0.5 na kufika 5 au 6. Zaidi ya hapo tone hupasuka lenyewe likiwa njiani.

Rada kubwa za mvua, zenye wimbi la sentimita 5 au 10, zinaona mvua mbali sana lakini wingu changa lisilonyesha karibu haziligusi. Kwa matone ya wingu unahitaji GHz 35 (wimbi la mm 8.6) au GHz 94 (mm 3.2). Kwa mvua na manyunyu yanayoshuka juu ya kichwa chako, GHz 24 inatosha. Kuna rada ndogo za aina hiyo, kama MRR (Micro Rain Radar, yaani rada ndogo ya mvua) ya kampuni ya METEK ya Ujerumani: sahani ya sentimita 60 hivi inayotazama juu moja kwa moja, mwale wa nyuzi 2 hivi, nguvu ya kurusha miliwati 50. Hiyo ni nguvu ndogo kuliko ya simu ya mkononi, lakini kwa kilomita tatu za juu inatosha.

Kumbuka jambo moja kabla ya kununua chochote. Kanuni ya kipeo cha sita inashika pale tu tone linapokuwa dogo kuliko wimbi, tuseme sehemu moja ya kumi. Kwa GHz 24 mpaka huo ni kama mm 1.2, kwa GHz 94 ni mm 0.3. Ukivuka, tumia jedwali la hesabu za Gustav Mie za mwaka 1908, zinazotoa mwangwi wa tone hata likiwa kubwa kwa wimbi hilo. Programu nyingi za bure zinazo. Anayeendelea na kipeo cha sita kwenye rada ya GHz 94 wakati wa mvua atapata idadi ya matone isiyo sahihi.

Kuiweka juu ya paa

Anza na kibali. Masafa yote yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), hata kwa kirushio kidogo kama hiki. Peleka karatasi ya kifaa inayoonyesha masafa, upana wa bendi na nguvu, na usiwashe kabla hujajibiwa.

Paa la zege ni bora kuliko la bati. Bati hutikisika kwa upepo na kwa mvua yenyewe, na mtikisiko huo unaingia kwenye vipimo vya kasi kana kwamba kuna kitu kinaanguka. Kama huna zege, simamisha nguzo inayotoka chini, isiyogusa bati. Kaa mbali na mwembe, mnazi na tenki la maji: mwale mkuu ni mwembamba, lakini kila antena ina miale midogo ya pembeni, na majani yanayochezeshwa na upepo hurudisha mwangwi mzuri sana usioutaka.

Sawazisha kwa pimamaji, pande mbili, na urudie baada ya kukaza boliti za mwisho. Sababu ni hii: antena ikiinama nyuzi 1, na juu kuna upepo wa mita 10 kwa sekunde, sehemu ya upepo huo inaingia kwenye kipimo kama mita 0.17 kwa sekunde ya kuanguka. Siku za kusi, upepo wa namna hiyo mita 500 juu ya Kunduchi au Kigamboni si wa kushangaza. Lenga chini ya nusu nyuzi.

Kisha kuna chumvi na kunguru. Chumvi ya bahari inakaa kwenye viunganishi vya nyaya na kuvila taratibu. Vifunge kwa tepu ya mpira inayojigandisha, na juu yake tepu ya plastiki. Osha sahani kila wiki mbili kwa maji ya mvua au ya chupa. Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi, na ukiyatumia unaongeza kile unachokiondoa. Kunguru nao wanapenda kutua kwenye kitu chochote kilichoinuka, na wanaokota vipande vya waya kujengea viota. Waya mmoja mbele ya antena unatosha kuharibu siku nzima. Vuta mishipi ya nailoni ya kuvulia samaki juu na pembeni ya sahani. Nailoni nyembamba haisumbui mawimbi. Usitumie waya wa chuma. Hakikisha pia tundu la kutolea maji chini ya sahani halijaziba kwa manyoya au vumbi, maana dimbwi dogo ndani ya sahani linakula desibeli kadhaa za mwangwi, na utadhani mvua imepungua wakati ndiyo inazidi.

Umeme: kifaa cha aina hii kinatumia volti 24 na takriban wati 25, yaani ampea moja. Betri mbili za volti 12 za Ah 100 zilizounganishwa mfululizo, ukizitumia nusu tu ili zisife mapema, zinakupa siku mbili. Umeme hukatika mara nyingi wakati uleule wa dhoruba unayoitaka, kwa hiyo betri ni sehemu ya kifaa, si nyongeza. Kompyuta ya kurekodi nayo iwe kwenye betri, na saa yake ijirekebishe kwa intaneti au GPS.

Mipangilio ya kwanza

Weka hatua ya kimo kuwa mita 100. Rada ya aina hii hugawanya anga matabaka kama 30, kwa hiyo utaona hadi kilomita 3 hivi. Hapa pwani nyuzi sifuri ya Selsiasi iko karibu kilomita 4.8 hadi 5 juu, na chini ya kilomita 3 kila kinachoanguka ni maji. Hiyo ni neema ya tropiki: huhangaiki na theluji inayoyeyuka, ambayo mwangwi wake ni mkubwa kwa njia ya udanganyifu. Ukitaka kuona tabaka hilo la kuyeyuka, ongeza hatua iwe mita 200, ila usilitumie kupimia matone.

Rekodi wastani wa kila dakika moja, na kama diski inaruhusu, hifadhi pia spektra ghafi (mwangwi uliopangwa kwa kasi, kabla ya hesabu yoyote) za kila sekunde 10. Spektra ghafi ndizo utakazozirudia mwaka ujao ukigundua kosa. Tupa matabaka mawili ya chini kabisa, kwani hapo mwale haujakaa sawa.

Kutoka kasi hadi kipenyo

Tone linapoanguka kuelekea antena, masafa ya mwangwi yanapanda kidogo. Kwa wimbi la mm 12.4, tone linaloshuka mita 4 kwa sekunde hubadilisha masafa kwa Hz 645 hivi. Rada inapanga mwangwi wote kwa kasi: katika MRR ya kizazi cha pili, kasi kutoka 0 hadi karibu mita 12 kwa sekunde imegawanywa vyumba 64, kila kimoja kikiwa na upana wa takriban mita 0.19 kwa sekunde. Kila chumba ni kundi la matone ya ukubwa mmoja, mradi hewa imetulia. Sharti hilo litarudi.

Uhusiano wa kasi na kipenyo umejengwa juu ya vipimo vya maabara vya Gunn na Kinzer vya 1949, na mwaka 1973 Atlas na wenzake waliuandika hivi:

v = 9.65 − 10.3 × e^(−0.6 × D)

v ni mita kwa sekunde, D ni milimita. Ukigeuza:

D = 1.667 × ln(10.3 / (9.65 − v))

Jaribu kwa kikokotoo kabla hujaandika programu. Kasi 2.0 inatoa mm 0.5, kasi 4.0 inatoa mm 1, kasi 6.55 ni mm 2, kasi 7.95 ni mm 3, kasi 9.14 ni mm 5. Angalia namba zinavyobanana mwishoni. Kutoka mm 0.5 hadi 1 kasi inaongezeka mara mbili. Kutoka mm 3 hadi 5 inaongezeka kidogo tu. Maana yake kwa vitendo ni kwamba chumba kimoja cha 0.19 kikiwa kwenye mm 1 kinabeba upana wa mm 0.06, lakini kwenye mm 5 kinabeba zaidi ya mm 0.6. Kwa matone makubwa kipimo hiki kinapofuka. Matokeo ya kuaminika ni kati ya mm 0.25 na mm 5. Nje ya hapo yaache.

Mpangilio wa hesabu, kwa kila tabaka, ni huu. Kwanza tafuta kiwango cha kelele kwa vyumba visivyo na mvua, kisha kiondoe kwenye vyumba vyote. Kelele iliyobaki upande wa kasi ndogo ndiyo inayozaa mamilioni ya matone ya uongo ya mm 0.2, na ni kosa linaloonekana mara nyingi kuliko mengine yote. Pili, rekebisha kwa wepesi wa hewa: juu hewa ni nyepesi na tone linakwenda kasi zaidi. Kwa kilomita 1 gawanya kasi uliyoisoma kwa 1.04, kwa kilomita 2 gawanya kwa 1.08, kabla ya kuitafutia kipenyo. Tatu, badilisha kasi kuwa kipenyo. Nne, zidisha mwangwi wa chumba kwa 6.18 × e^(−0.6 × D), nayo uizidishe kwa 1.04 au 1.08 ileile, ili kutoka mwangwi kwa kila kipande cha kasi kwenda mwangwi kwa kila kipande cha kipenyo. Hatua hii husahaulika, na matokeo yake huonekana mazuri ila si sahihi. Tano, gawanya kwa mwangwi wa tone moja la kipenyo hicho kutoka jedwali la Mie. Unachopata ni N(D): idadi ya matone kwa mita ya ujazo kwa kila milimita ya kipenyo.

Ukishapata N(D), vingine vinafuata. Kipenyo cha wastani kinachotumika sana ni jumla ya N × D⁴ ikigawanywa kwa jumla ya N × D³. Jilinganishe pia na umbo la Marshall na Palmer la 1948: N(D) = 8000 × e^(−ΛD), ambapo Λ = 4.1 × R^(−0.21) na R ni mvua kwa mm kwa saa. Mvua ya tropiki haifuati umbo hilo kwa utiifu, hasa kwa matone madogo, lakini ukikuta namba zako zimepishana nalo mara 50 kwenye mm 1, kosa lipo kwenye hesabu zako kabla halijawa angani.

Mfifio wa mawimbi

Mvua inayonyesha chini inafifisha mwangwi wa mvua iliyo juu. Kwa GHz 24, mvua ya mm 20 kwa saa inakula karibu desibeli 3 kwa kila kilomita, na kwa kuwa wimbi linakwenda na kurudi, hesabu 6. Mvua ya mm 50 kwa saa inafikisha karibu 14. Rekebisha kutoka chini kupanda: kokotoa matone ya tabaka la chini, pata mfifio wake, ongeza kwenye tabaka linalofuata, na hivyo hivyo. Kosa dogo la chini hukua kadiri unavyopanda. Jumla ya marekebisho ikivuka desibeli 10, kata hapo na usitumie matabaka ya juu. Kwa mvua kubwa za Aprili hii ina maana kwamba siku nyingine utabaki na mita 600 tu zenye thamani. Zikubali hizo 600.

Hewa inayopanda

Rudi kwenye lile sharti la hewa tulivu. Rada haijui tone linakwenda kasi gani ndani ya hewa. Inajua linakwenda kasi gani kuelekea antena. Hewa ikipanda mita 1 kwa sekunde, tone la mm 1 litaonekana linashuka mita 3, na hesabu itasema ni la mm 0.73. Kwa kuwa mwangwi wa tone dogo kama hilo ni hafifu, hesabu italazimika kuongeza idadi zaidi ya mara 6 ili kufikia mwangwi uliosomwa. Hewa ikishuka kwa kasi hiyohiyo, tone litaonekana la mm 1.33 na idadi itaporomoka chini ya moja ya tano.

Mawingu ya mchana ya Dar, yale yanayoinuka upepo wa bahari unapokutana na joto la bara kuelekea Pugu na Kisarawe, yana hewa inayopanda kwa mita kadhaa kwa sekunde. Hayafai. Subiri mvua pana na tulivu inayofuata baada ya mkondo wa dhoruba kupita, mara nyingi usiku au alfajiri ya masika. Dalili ya hewa tulivu ni kwamba kasi ya wastani haibadiliki sana kutoka dakika hadi dakika, na inafanana tabaka kwa tabaka baada ya kurekebisha wepesi wa hewa. Ukiona kasi ya wastani inaruka kutoka 4 hadi 7 ndani ya dakika mbili huku mvua ya kipimamvua haijabadilika, hiyo ni hewa.

Mwenye rada ya GHz 94 ana njia nzuri zaidi, aliyoionyesha Lhermitte mwaka 1988. Kwa wimbi hilo, mwangwi wa tone la mm 1.65 hivi hudidimia ghafla, na tone hilo linapaswa kuanguka kwa mita 5.8 kwa sekunde. Tafuta shimo hilo kwenye spektra. Kama liko kwenye 4.8, hewa inapanda mita 1. Ondoa tofauti hiyo kwenye spektra nzima, kisha endelea.

Kuhakiki kwa unga wa ngano

Rada isiyohakikiwa chini haiaminiki, na disdromita ya leza, kifaa kinachopima ukubwa wa matone yanapofika chini, ni ghali. Ila kuna njia aliyoitumia Wilson Bentley wa Vermont, Marekani, na kuitangaza mwaka 1904: unga wa ngano. Inafanya kazi hadi leo, na vifaa vyote vipo Kariakoo.

Chekecha unga mkavu kwenye sinia lenye kingo, kina cha sentimita 2.5, na usawazishe kwa rula bila kuushindilia. Unga ulioshindiliwa unapasua tone. Funika kwa kifuniko kipana, toka nje, funua kwa sekunde 3 mvua ikiwa ya kawaida, au hadi 10 kama ni manyunyu, kisha funika. Andika saa hadi sekunde. Matone yatakaa kama vidonge. Acha vinywe unga kwa nusu saa, kausha kwenye oveni kwa moto mdogo hadi viwe vigumu, halafu chekecha kwa chekeche za matundu tofauti na uhesabu.

Kidonge hakilingani sawasawa na tone, kwa hiyo tengeneza kipimo chako mwenyewe. Chukua mabomba ya sindano ya duka la dawa. Sindano yenye unene wa nje wa mm 0.8 hudondosha tone la karibu mm 3. Ya mm 0.3 hudondosha la karibu mm 2. Usikisie: pima uzito wa matone 100 kwa mizani ya dukani kwa sonara. Matone 100 ya mm 3 yana uzito wa gramu 1.41. Kisha dondosha mengine kwenye unga kutoka kimo kisichopungua mita 8, ndani ya uwazi wa ngazi za ghorofa pasipo na upepo, kausha, na upime vidonge. Sasa una uwiano wa kidonge na tone. Urudie kwa kila mfuko mpya wa unga.

Hesabu yake: sinia la sm 30 kwa 20 ni mita za mraba 0.06. Ukiliweka wazi sekunde 3 na kupata vidonge 40 vya matone ya kati ya mm 1.0 na 1.2, kasi ya matone hayo ni mita 4.33 kwa sekunde, kwa hiyo umekusanya kutoka mita za ujazo 0.06 × 3 × 4.33, yaani 0.78. Gawanya: matone 51 kwa mita ya ujazo. Gawanya tena kwa upana wa mm 0.2: takriban 257. Hiyo ndiyo N(D) ya kulinganisha na rada.

Usilinganishe dakika na dakika. Tone la mm 3 linatoka mita 300 hadi chini kwa sekunde 38. La mm 0.5 linachukua sekunde 150. Matone makubwa yanatangulia, madogo yanafuata, na upepo unayasukuma pembeni. Fanya sinia tano au sita ndani ya dakika 10, na ulinganishe wastani wake na wastani wa rada wa dakika 10 kwenye tabaka la chini linalofaa. Tofauti ikiwa ileile kwa vipenyo vyote, ni nguvu ya kifaa inayohitaji kurekebishwa. Ikiwa kwa matone madogo tu, rudi kwenye kelele. Ikiwa kwa makubwa tu, kagua jedwali la Mie na hewa inayoshuka. Kipimamvua cha kawaida kikae hapohapo pembeni kama shahidi wa jumla.

Matone ya wingu lenyewe

Tone la mikromita 20 linaanguka sentimita 1.2 kwa sekunde. Hakuna hewa tulivu kiasi hicho, kwa hiyo shahidi wa kasi hafai hapa. Badala yake tumia maji. Unahitaji rada ya GHz 35 au 94, na radiomita ya mikrowevu inayosoma jumla ya maji ya wingu kwa gramu kwa kila mita ya mraba ya anga. Njia hii iliwekwa sawa na Frisch na wenzake katika miaka ya 1990.

Inadhani kwamba idadi ya matone kwa ujazo ni ileile kutoka kitako hadi kilele cha wingu. Chukua kipeuo cha pili cha Z (mwangwi wenyewe kwa mm⁶/m³, si dBZ: gawanya dBZ kwa 10, kisha 10 iwe na kipeo hicho) kwenye kila tabaka, na ugawe maji ya radiomita kwa uwiano huo. Mfano wa wingu la mita 300 lenye matabaka matatu ya −36, −32 na −28 dBZ, na gramu 40 za maji: vipeuo ni 0.0158, 0.0251 na 0.0398, na maji yanagawanyika kuwa gramu 0.08, 0.12 na 0.20 kwa mita ya ujazo. Kisha nusu kipenyo faafu (nusu kipenyo cha wastani kinachowakilisha matone yote ya tabaka), kwa mikromita, ni 31.5 × kipeuo cha tatu cha (Z / maji), ukichukua mtawanyiko wa kilogi (jinsi ukubwa wa matone unavyotofautiana, kwa mizani ya logi) wa 0.35. Unapata 4.6, 5.4 na 6.3. Wingu linakuza matone kadiri linavyopanda, kama inavyotakiwa.

Radiomita inaweza kukosea gramu 20 kwa urahisi. Kama maji halisi yalikuwa 60, tabaka la juu linakuwa mikromita 5.5 badala ya 6.3, ambalo ni badiliko la kuvumilika. Lakini idadi ya matone inaruka kutoka karibu 270 hadi 610 kwa sentimita ya ujazo. Toa ripoti ya ukubwa kwa ujasiri. Idadi iandike na mipaka mipana.

Kitako cha wingu kipime kwa leza, au kikadirie: toa halijoto ya umande kwenye halijoto ya hewa, zidisha kwa mita 125. Nyuzi 30 na umande wa 24 ni mita 750. Hiyo inafaa kwa mawingu ya mchana yanayoinuka kutoka ardhini, si kwa tabaka la usiku. Na tabaka lolote linalozidi −17 dBZ hivi liondoe kwenye hesabu. Hapo manyunyu yameshaingia, na yale matone 100 yanazungumza kwa niaba ya milioni 100.

Ukiwa na data ya rada yenye mikondo miwili

Rada kubwa zinazorusha mawimbi ya mlalo na ya wima zinamtumia shahidi wa umbo. Tone dogo ni duara. Likizidi mm 1 hewa inaanza kulibapa, na mwangwi wa mlalo unazidi wa wima. Tofauti hiyo ni ZDR. Kwa wimbi la sm 10, ZDR ya desibeli 1 inaashiria kipenyo cha kati cha kama mm 1.5, na desibeli 2 kama mm 2.1. Uzuri wake ni kwamba hewa inayopanda haiivurugi. Udhaifu wake ni kwamba kosa la desibeli 0.2 tu linaharibu kipimo cha matone madogo. Ili kulijua kosa hilo, antena ielekezwe juu wima wakati wa manyunyu na izungushwe mzunguko mzima: tone likitazamwa kutoka chini ni duara, kwa hiyo wastani lazima uwe sifuri. Namba yoyote utakayoipata badala ya sifuri, itoe kwenye data yote ya siku hiyo.